Malimau Kwenye Mnada wa Kanisa

Mama,

Ni mimi Mumbua, mke wa mwanao. Nimekaa jikoni, kidole gumba kimefungwa kitambaa, na aibu imenijaa hata sijui nianzie wapi. Wacha nianze na mchungwa wako.

Unakumbuka ulivyoubebesha? Jicho la mchungwa ulilitoa Kathonzweni, ukaliingiza kwenye shina la mlimau pale nyuma ya jikoni, ukalifunga kwa mpira wa baiskeli. Ulipong'oa maua yake ya kwanza ili mti upate nguvu, nilikuita mchoyo, kimoyomoyo. Na kila tulipopita hapo uliniinamisha: "Mumbua, ona hii kovu. Kitu ikimea hapa chini, kata. Usiionee huruma."

Niliionea huruma, Mama.

Tulikuzika, kisha ukaja ule mwaka wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada. Mti ukapukutika wote. Nilitoka mtoni na punda, maji tumeyachimba mchangani, na kabla sijapika nilikuwa nimeshaumwagia kibuyu kimoja. Mvua iliporudi, machipukizi yakatoka chini, manene, yenye miiba. Nililia kwa furaha. Nilisema mama mkwe wangu hajaniacha. Ningekataje kitu kama hicho? Nikakata vijiti vya juu vilivyokauka, nikaacha vya chini vinenepe.

Mwaka huu vimezaa. Machungwa yetu huku hata yakiiva hubaki na rangi ya kijani na manjano, na malimau ya kienyeji nayo ni ya mviringo vilevile, basi sikushuku chochote. Wala sikuonja. Ya kwanza ni ya Mungu, ndivyo ulivyotufundisha. Nikayapeleka kanisani, kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, nikatangaza kwa sauti kwamba hii ni kazi ya mkono wako. Kalekye, yule anayefundisha kwaya, akayanunua yote awape watoto wake wa kwaya, maana walikuwa wameimba mpaka koo zimekauka. Wakauma. Nyuso zikakunjamana, wakatema palepale mbele ya mchungaji.

Watu walicheka. Hilo ningelivumilia. Lakini Kalekye akasema, "Kumbe huyu mama alikuwa anatudanganya na machungwa yake! Alipanda limau tu." Nami nilikuwa hapo, kikapu kitupu mkononi, nikaangalia viatu vyangu. Nilijua hukuwa mtu wa kudanganya, Mama. Nilijua, na nikanyamaza.

Nilipofika nyumbani nilishika tawi lenye matunda, nikalifuata kwa kidole hadi kwenye shina. Lilitokea chini ya kovu. Na lingine pia. Yote.

Jana niliyakata, miiba ikanichoma inavyotaka. Na juu ya kovu, upande wa ukuta, nilikuta kijiti kimoja kifupi chenye majani. Nilisugua jani nikanusa, kama ulivyonionyesha. Ni chungwa. Kilikuwa hai muda huu wote, kimefunikwa na kile nilichokuwa nikikinywesha.

Kikitoa maua, nitayang'oa, na watoto wataniita mchoyo. Lala salama, Mama. Jumapili, kabla mnada haujaanza, nitasimama mbele ya Kalekye na kwaya nzima niseme: mama mkwe wangu alipanda chungwa. Limau ni langu mimi.

Mwanao,
Mumbua