Shikamoo Kumi na Sita za Pampu ya Mwabungo

Bwana Mwenyekiti Ngui, Sheikh wetu na Mchungaji wetu mliokaa bega kwa bega, wazee wa mitaa mitano, dada muuguzi wa zahanati, akina mama, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta wa nyuma: asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo. Wengi mmezoea kunisikia redioni nikisoma barua za watu nisiowaona. Leo mwandishi ninamwona, yuko safu ya tatu. Ni Twaiba, fundi wa kompyuta wa mradi wetu wa maji. Ameniruhusu niisome barua yake hadharani, na baba mkwe wake, Mzee Chirau, mtunza pampu, ameniruhusu niijibu hadharani. Kwa hivyo asitokee mtu wa kunong'ona. Naisoma kama ilivyo.

"Mpendwa Bi Biasha, naomba msaada wako, maana nimemkosea mtu ninayempenda, na kila nikirekebisha nazidi kuharibu. Tangu niolewe na Swabir, mwaka wa sita huu, baba yake hajaniita mkazamwana hata siku moja, huniita mwanangu, na akipata samaki mzuri huanza kwangu kabla ya kwenda kwake, na yeye ndiye aliyeitunza pampu ya kijiji kwa miaka ishirini na minane, akiiwasha na kuizima kwa mkono wake. Mwezi wa Februari kamati ikanikabidhi programu ya kuangalia matangi, ambayo hupokea kila tukio, tangi limepungua, tangi limejaa, pampu imezimika, ikalipima kwa kanuni ilizoandikiwa, kisha ikaamuru au ikauliza, nami nikaandika kanuni kumi na moja kwa siku tatu, na kwa kuwa laini ya mradi ilikuwa haijasajiliwa nikachomeka laini yangu ya pili ndani ya mashine, ile ambayo baba ameihifadhi kwa jina langu, nikaiingiza kazini hivyo hivyo.

"Ujumbe wa kwanza ukamfikia saa tatu asubuhi: WASHA PAMPU. Hakuna salamu, hakuna tafadhali, na jina langu liko juu. Akamwonyesha Swabir, akamwambia, 'Mkeo siku hizi ananituma.' Swabir alicheka hadi akakaa chini, mimi nikalia. Siku ile ile nikabadilisha mpangilio, programu isiamuru tena, iulize, na ianze kwa adabu: Shikamoo baba, tangi limeshuka chini ya nusu, niwashe pampu? Jibu NDIYO au HAPANA. Baba akafurahi, akajibu kama mtu aliyelelewa: Marahaba mwanangu, hujambo, watoto hawajambo? Sasa, Bi Biasha, programu inayajua maneno mawili tu, ikaona hajajibu, na mimi nilikuwa nimeiagiza kwamba ikikosa jibu isubiri dakika tano iulize tena, bila kikomo, basi ikamwamkia tena, naye akaitikia tena, mara kumi na sita, nami niko Msambweni kwenye mafunzo sijui lolote, na pampu haikuwashwa, kila mmoja akimngoja mwenzake, na tangi la zahanati likakauka mama mmoja akiwa anajifungua, ikabidi muuguzi akaazime ndoo kwa majirani.

"Mama na mtoto ni wazima, alhamdulillahi. Lakini baba alimwambia Swabir, 'Ya kwanza niliitikia kwa furaha. Ya kumi nikajua ananifanyia masihara.' Tangu hapo hapiti mlangoni kwangu. Na kamati inataka Jumamosi hii nibadilishe mpangilio, programu iwashe pampu yenyewe bila kumuuliza mtu. Ni kubofya mara moja. Nikibofya, nimemfuta baba. Nisipobofya, mama mwingine atakosa maji. Nifanye nini?"

Twaiba mwanangu, futa machozi kwanza, kisha kaa vizuri, maana nina ya kukukaripia. Uliandika kanuni kumi na moja hatua arobaini kutoka nyumba ya mtu anayeijua pampu ile kuliko anavyoujua mfuko wa shati lake, na hukumuuliza hata moja. Juzi nilikwenda kumuuliza kwa niaba yako: "Mzee, mashine ikiwasha peke yake, kutatokea nini?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyefeli. "Bi Biasha, bamvua likija, bahari ikijaa sana, maji ya chumvi huingia chini kwa chini. Ukivuta zaidi ya saa mbili kisima kinaharibika. Mashine yao ina ulimi?"

"Haina, Mzee."

"Basi mtakunywa chai ya chumvi nyote, na wewe wa kwanza."

Niambie, binti: bamvua ni kanuni ya ngapi kati ya zako? Haipo. Ungebofya Jumamosi, mwezi ukipevuka zahanati ingepata maji ya kuchemshia kaa.

Nawe Mzee Chirau, kwa heshima zote ulizonazo kwangu na kwa mkutano huu, nawe una lako. Miaka sita ya mapenzi ukaitilia shaka kwa dakika themanini za simu? Ungevuka ua ukauliza. Wenzangu, nilipomweleza Mzee kwamba aliyekuwa akimwamkia ni chuma, alisema, "Yaani muda wote ule nilikuwa naulizia watoto wa nani?" Tukacheka sote wawili. Kwa hivyo, Twaiba, hasira hakuna tena. Imebaki aibu, na aibu haiondoki kwa ujumbe wa simu. Utakwenda mwenyewe, kwa miguu yako, leo.

Halafu rekebisha kazi. Toa laini yako ndani ya mashine, weka ya mradi. Salamu iondoe, mashine iseme tangi lipi limeshuka na kiasi gani, basi. Isiulize bila kikomo: iulize mara mbili, isipojibiwa impigie Bwana Ngui. Tangi la zahanati pekee, dakika kumi zikipita kimya, iwashe pampu nusu saa kisha itoe taarifa. Na kanuni ya bamvua aitamke Mzee, uiandike wewe, na isibadilishwe na yeyote bila yeye.

Watukufu, kamati imeupokea ushauri huu asubuhi ya leo, na imenituma niutangaze kuwa uamuzi. Kuanzia kesho, kwa siku saba, programu itawekwa katika hali ya kutazama tu: itaandika ingefanya nini, wala haitagusa pampu. Siku hizo Mzee Chirau na Twaiba wataziandika kanuni upya, meza moja, na hakuna kitakachowashwa na mashine kabla wote wawili hawajatia sahihi. Lakini maji hayawezi kungoja, na Mzee hawezi kuwa mezani na kisimani kwa wakati mmoja. Tunahitaji mtu wa asubuhi na mtu wa alasiri wa kukaa na pampu, siku saba, zamu kumi na nne. Ya kwanza nimejiandikisha mimi. Zimebaki kumi na tatu. Karatasi iko mbele ya Bwana Ngui, na mkutano huu haufungwi kabla haijajaa.