Fuwele ya Leningrad na Kidato cha Tatu

Jumatatu, 3 Juni 1974
Baada ya paredi Letisia, karani wetu, ameniita pembeni. Alikuwa anatafuta faili la shamba la shule, akakuta barua yangu. Ya Chuo Kikuu! Ilifika Februari. Wananiita Dar es Salaam, maabara, nafasi ya utafiti. Mwisho wa kujibu — 30 Aprili. Bahasha imefunguliwa. Mkuu wa shule, Mzee Nicodemo, aliisoma akaificha kwenye droo yake. Na mimi kila asubuhi namwamkia shikamoo.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwendea mkuu. Hakukana. Amesema mwalimu wa fizikia hapa ni mimi peke yangu, na taifa lilinipeleka Leningrad ili nirudi kufundisha, si kuchezea mawe.
Mawe! Miaka miwili nilihangaika na fuwele moja, ndogo kuliko punje ya mtama. Tuliipoza kwa baridi ambayo hewa yenyewe inakuwa maji. Ndani yake sumaku na umeme vimeshikana: geuza mwelekeo wa sumaku, na umeme nao unageuka. Hujagusa betri. Siku mshale wa kipimo ulipohama nililia mbele ya Warusi, sikuona haya.
Hapa Mbulu nina sumaku mbili zilizochoka na betri za redio.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeshinda posta nikisubiri simu ya Dar. Profesa aliyeniandikia anasema nafasi haijajazwa bado. Anataka barua ya ruhusa, na mimi mwenyewe, Jumatatu. Nimetoka nje. Hatua chache tu — nikakumbuka ruhusa inatoka kwa nani.

Ijumaa, 7 Juni
Nilikwenda kugombana. Maneno yote nilikuwa nayo, makali. Mkuu akanisukumia karatasi, imeshagongwa muhuri.
"Ruhusa hiyo, Mwalimu Margwe. Nilikukosea. Lakini darasani utaingia kuwaambia wewe, si mimi."
Kuwaambia nini? Akaeleza bila kuniangalia. Amewauliza wilayani, mwalimu mwingine wa fizikia hakuna. Nikiondoka, mchepuo wa sayansi unafungwa. Kidato cha tatu wote, thelathini na wanane, wanahamishiwa kilimo.
Bora angenikatalia. Ningemchukia kwa raha zangu.
Kipindi cha tatu nikaingia. Wakasimama, shikamoo mwalimu. Kabla sijafungua mdomo Genoveva, binti wa mzee Gidabuday wa Hanang, akanyoosha mkono. Kwa nini sumaku ikivunjika vipande viwili, kila kipande kinakuwa na ncha zake mbili? Hakuna kitabu kilichomtuma kuuliza. Nikachora, nikafuta, nikachora tena, mpaka kengele. La kuwaambia sikuwaambia.
Sasa ni saa saba na nusu. Chakula kimenishinda. Basi la Arusha linaondoka kesho alfajiri, sanduku sijafunga. Saa nane nina kipindi kingine nao, cha mwisho wiki hii. Kutoka hapa nilipokaa nawaona dirishani — wameingia mapema, na Genoveva ameshafuta ubao.