Uma Kumi na Mbili za Bei Nafuu

Karakana, 4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Kifua kimepona, au bado unalala na koti? Sisi wazima. Mimi ni mgongo tu, kwa kuinamia magurudumu kutwa, na huo nimeshauzoea kama mpangaji aliyegoma kuhama.

Najua ungetaka nikupigie. Kwenye simu tunaishia kucheka, na hili nataka ulisome kwa kituo.

Mwenye duka la jumla amepandisha bei tena. Uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, sasa anauza kwa bei ambayo nikimtajia mteja ananitazama kama mimi ndiye mwizi. Jana Mikate aliposikia alivua kofia, akaivaa tena, akaondoka bila kuaga. Unamkumbuka Mikate? Yule anayesambaza mikate madukani, kreti moja mbele na mbili nyuma, anayeimba akipanda kilima wakati wenzake wanasukuma. Uma wake umepinda, baiskeli inakwenda upande upande.

Wateja wananiambia maduka ya ng'ambo yanauza kwa theluthi ya bei. Lakini roho inasita. Mwenye duka la jumla ni bahili, sawa, ila kitu kikiwa kibovu namrudishia pale pale mezani na anakibadilisha huku amenuna. Hao wa ndani ya simu nitamrudishia nani? Kipimo kikikosewa je? Forodha wakiushikilia mzigo je? Wewe lugha yao unaijua. Niangalizie. Na usiangalie bei peke yake, soma na walionunua wanasemaje.

Baba angekuwepo angenikataza. Lakini hayupo, karakana ni yangu sasa, na wateja wanaondoka bila kuaga.

Dada yako

*

19 Februari

Dada,

Shikamoo. Kifua kimekaa sawa. Ghalani wamenihamishia kwenye maboksi madogo, kwa hiyo hata mikono inapumua. Pole na mgongo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unajua nilivyofurahi? Niliondoka hata mwezi haujaisha tangu tumzike baba, nikakuachia karakana na madeni yake, na tangu hapo sijakusaidia kitu zaidi ya kukuuliza hali. Sasa na mimi nimepata kazi ya maana.

Duka nimelipata. Picha safi, bei ni kama ulivyoambiwa. Tuanze na vitu ambavyo vikiharibika havimuumizi mtu: minyororo, pedali, kengele. Tukiridhika, ndipo tuguse uma. Vipimo nitumie kwa milimita, na upime mara mbili. Kurudisha bidhaa wanaruhusu, ila nauli ya kurudisha unalipa wewe, maana yake hawaruhusu. Ushuru wa forodha tuuhesabu tangu mwanzo, usije ukasema nilikuficha kitu.

Mdogo wako

*

30 Mei

Mdogo wangu,

Habari za huko? Baridi imekwisha? Huku hatujambo, na mgongo nao umejaliwa nafuu.

Mzigo umefika. Forodha waliukalia siku tisa, nikaenda mara nne, mara ya nne yule karani akaniita kwa jina la utani. Lakini hata baada ya ushuru bado nimepata nafuu kubwa. Minyororo ni mizuri. Pedali mbili zilikuja zote za kushoto, nikacheka mpaka machozi, nimezitundika ukutani.

Sasa uma. Nikiagiza mmoja, nauli inameza faida yote. Inabidi ziwe kumi na mbili. Mikate ameshasema wake uwe wa kwanza, anapita kila asubuhi kuuliza, "Fundi, meli yetu imefika wapi?"

Ila uma si kengele. Mnyororo ukikatika mtu anashuka, anatukana, anasukuma. Uma ukikatika, mtu anatangulia na uso. Ndiyo maana nakuuliza tena: umesoma wanunuzi wanasemaje? Wa uma hasa, si wa duka.

Dada yako

*

12 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimesoma. Wote wanasifu. Lipa bila wasiwasi, na umwambie Mikate aanze kupasha sauti.

Mdogo wako

*

3 Septemba

Mdogo wangu,

U hali gani? Sisi tunaendelea vizuri.

Uma zimefika zote kumi na mbili, hakuna hata moja iliyopinda, vipimo sawasawa. Ule wa Mikate nimeufunga leo. Amezunguka uwanja mara tatu akiwa ameachia usukani, mtu mzima na mvi zake, watoto wa shule wakampigia makofi.

Kitu kimoja tu. Ni nyepesi kuliko nilizozoea. Nimeupima mmoja kwenye mizani ya jikoni, umepungua karibu robo ya uzito. Ndivyo wanavyotengeneza siku hizi?

Dada yako

*

16 Septemba

Dada,

Shikamoo. Ndivyo. Huku watu wanalipa zaidi ili wapate kitu chepesi, na wewe umekipata kwa theluthi ya bei, halafu unalalamika! Pumzisha moyo.

Mdogo wako

*

21 Novemba

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima.

Mikate ameanguka. Ilikuwa Jumanne asubuhi, wiki tatu zilizopita, anashuka kilima, kreti zote zimejaa. Uma ulikatika shingoni, pale unapoungana na bomba. Taya limevunjika mahali pawili. Jicho la kushoto, daktari amesema tusilisubiri.

Mtu alikuja mbio mlangoni, "Fundi, mteja wako!" Nikakimbia na spana mkononi, sijui nilidhani nakwenda kukaza nini. Kreti zimemwagika, mikate imetapakaa mtaroni, watu wanaiokota. Wengine wanairudisha kwenye kreti, wengine wanaondoka nayo. Na mimi niliutazama uma kwanza, kabla ya kumtazama yeye. Hilo nakwambia wewe peke yako.

Na hili pia. Siku ile nilipoufunga, niliona rangi pale shingoni ni nene, kama imepakwa ili kuziba kitu. Nikachukua msumari nikakwaruza kidogo. Nikahisi chuma hakijaungwa vizuri, kuna mahali msumari unazama. Mikate alikuwa amesimama nyuma yangu anapiga mluzi. Nikaacha kukwaruza. Nikajiambia vitu vya siku hizi ndivyo vilivyo, na barua yako ikaja kunithibitishia.

Alipotoka hospitali alikuja hapa kabla hajafika kwake. Mdomo umefungwa kwa waya, anaandika kwenye daftari. Aliandika, "Kile kilima, fundi. Nimewaambia miaka mingi waweke matuta." Analaumu kilima! Sasa anakuja kila siku, anakaa kwenye ndoo karibu na mlango, ananitazama nikifanya kazi kwa lile jicho moja. Jana alinikunjia vitambaa vya grisi vyote, akavipanga. Nilitamani anipige.

Nyingine kumi na moja ziko barabarani. Niambie kweli, mdogo wangu. Ulisoma nini?

Dada yako

*

4 Desemba

Dada,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali kwa mdomo gani.

Walikuwa watatu. Kati ya mamia waliosifu, watatu walisema umewakatikia. Mmoja aliweka picha ya mkono wake kwenye bandeji. Maoni yao niliyasoma usiku ule ule barua yako iliponifikia. Nikajiambia hao ni watu wanaorukaruka na baiskeli, si wasambazaji wa mikate. Nikajiambia watatu ni wachache. Lakini kweli yenyewe ni kwamba ulikuwa umeshafurahi, na nilitaka mara moja tu niwe nimekufaa. Uliponiuliza kuhusu uzito nilijua, nikafanya mzaha.

Nimelitafuta lile duka. Halipo. Picha zile zile nimezikuta kwenye duka lenye jina jingine, bei imeshuka zaidi.

Dada, nakuomba, usimwambie. Yeye analaumu kilima, mwache alaumu kilima. Ukimwambia jicho halirudi, na karakana ya baba itakufia mikononi. Zile kumi na moja waite wenyewe kimyakimya, sema unawapaka grisi bure, ubadilishe. Nitatuma chochote nitakachopata. Niandikie upesi.

Mdogo wako

*

27 Januari

Nimepata barua zako nne. Nimefungua ile ya kwanza tu, inanitosha.

Nilimwambia. Nilisubiri wamtoe waya, ili akitaka kunitukana aweze. Nikafunga mlango, nikakaa chini mbele ya ndoo yake, nikamweleza yote: theluthi, mizani ya jikoni, rangi, msumari. Na watatu wako nikamweleza. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja, maana sikio analotumia sasa ni la upande wa jicho linaloona, sijui kwa nini.

Nilipomaliza akauliza, taratibu, taya halijafunguka sawasawa, "Kwenye uma wangu uliokoa kiasi gani?"

"Kwenye zote kumi na mbili, au..."

"Wangu."

Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, kimoyomoyo, kama anavyohesabu madukani.

"Mikate thelathini na moja," akasema. "Hiyo nilikuwa naimaliza kabla ya saa mbili asubuhi."

Akasimama, akaisogeza ndoo ukutani isinikwaze, akaondoka. Hajarudi. Hajamwambia mtu yeyote, nimeulizia. Wateja bado wanakuja, wananisifu kwa bei. Mkewe ndiye anayebeba kreti siku hizi, kichwani, kwa miguu, na anapita upande wa pili wa barabara.

Kuhusu wewe, nimefikiri sana nikikunja mgongo huu. Ungeniambia habari za wale watatu, nisingeagiza. Ningekwaruza zaidi, nisingefunga. Mtu yule alikuwa na nafasi mbili za kupona na zote mbili zilikuwa mikononi mwa watoto wa baba mmoja. Mimi yangu naibeba. Hii yako siwezi kukusaidia, na fedha usitume, nimezirudisha za kwanza. Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi, na sijui kama nitaandika.

Uma nimezikusanya. Sikusema habari ya grisi. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikasema nimewauzia kitu kibovu, nikawafungia vingine kutoka kwa mwenye duka la jumla, kwa bei yake ile ile. Alinikopesha, na safari hii hakununa. Nimepata kumi. Zote nimezikata kwa msumeno, na saba zilikuwa na tundu pale pale shingoni.

Mmoja haupo. Aliyeununua aliiuza baiskeli yote mwezi wa kumi, kwa mpita njia aliyekuwa anahamia mji mwingine. Jina hakuuliza. Anakumbuka tu kwamba mtu huyo alikuwa na haraka, na kwamba alimpakia binti yake mdogo mbele, kwenye bomba, akamwambia ashike usukani kwa nguvu, wakaondoka.

Fundi