Jiko lisilo na moshi

Siwema, nimetoka kwa babu Nyanda sasa hivi.

Nilimpelekea barua kwamba serikali imenipa fedha za utafiti wa gesi ya mavi ya ng'ombe. Akanichapa fimbo. Babu, Siwema. Fimbo ya mgongoni.

Kumbe mwaka 1976 karakana yake pale Bariadi ilipewa fedha za namna hiyo hiyo. Nyanda akaunda pipa la gesi, na jiko la kwanza akamfungia mama yake kijijini. Mama alikuwa amepikia mavi makavu maisha yake yote, moshi ukamwachia macho mekundu, na kikongwe mwenye macho mekundu aliitwa mchawi.

Nyanda alitaka kumwondolea moshi tu.

Majirani wakaona moto wa bluu unawaka bila kuni. Bila kuni, Siwema. Asubuhi wakaja na mapanga.

"Tulikuwa tunashuku," mmoja akamwambia Nyanda, "wewe ndiye umetuhakikishia."

Wakamshika mikono, wakamkatakata mama yake mbele yake. Jiko likaendelea kuwaka.

Babu akaniuliza jiko langu la kwanza nitamfungia nani.

Kwenye fomu ya utafiti nimeandika jina la bibi.