Yai la Mama Mjamzito

Puge, Agosti 1974

Baba Flavia mpenzi,

Sisi wazima. Flavia ameota jino, anang'ata hata ndoo.

Naandika kwa mkono wangu, kisomo cha watu wazima kimenikolea. Juzi tulipewa somo la chakula tukasome nyumbani. Nikamsomea mama yako kwa sauti: "Mama mjamzito ale mayai."

Akang'aka: "Mwanamke ale yai? Mtoto atazaliwa kipara! Na mjamzito ni nani hapa?"

Nikaangalia tumbo langu. Ndiyo, mume wangu, tangu ulipokuja Pasaka.

Sasa mama yako mwenyewe ananichemshia yai kila asubuhi, nusu anakula yeye, ati anaonja kama limeiva.

Krismasi acha kazi ya tumbaku huko Usoke, uje ukae mpaka nijifungue. Nywele za mtoto tuzikague pamoja.

Wako,
Josepha