Mafuta Niliyoyatia Kwenye Breki

Kaka yangu mpendwa Salehe,

Shikamoo. Huku nyumbani mama hajambo, na mimi ni mzima wa mwili tu. Nakuandikia nimekaa juu ya boksi lako la spana hapa uani, kwa sababu ndani mama ananiuliza kila dakika naandika nini. Dereva wa basi la Korogwe amesema anaondoka baada ya adhuhuri, na ameahidi kumtafuta mtu wa kuifikisha barua hii Mombo leo leo, nyumbani kwa rafiki yako Yohana, unakolala. Namwomba Mungu ikukute kabla hujaliwasha gari kesho alfajiri kupanda Lushoto.

Asubuhi nimekwenda posta nikakutumia simu ya maandishi: USIPANDE MLIMA BREKI MBAYA. Najua kama imekufika umeisoma ukacheka. Una haki ya kucheka. Ulipokwenda Maramba na gari hili safari ya kwanza, mimi ndiye niliyekutumia simu kwamba mama anaumwa, kwa hofu zangu tu, ukarudi mbio ukamkuta anakuna nazi. Hukunigombeza siku ile, ulikunywa maji tu, na mimi nikatamani ungenigombeza. Halafu juzi Alhamisi, unaondoka, umeshashika usukani, ukaniambia, "Safari hii, Zaina, usiniletee simu zako za uongo. Sitarudi hata ukisema nyumba inaungua." Basi simu peke yake haitakuzuia, ndiyo maana inanibidi nikuambie jambo ambalo nilikusudia kufa nalo.

Lakini kwanza nikumbushe kidogo, nipate nguvu.

Unaikumbuka siku gari hili lilipoletwa? Jipu la jeshi lililotupwa nyuma ya kiwanda cha mkonge tangu vita viishe, halina gurudumu hata moja, na kuku walikuwa wametagia kwenye injini. Mama akauliza gari bovu namna hii la nini, ukamjibu, "La kuchezea, mama." Mtu mzima, kutwa unashinda na mashine ya pantoni, jioni unarudi nyumbani kuchezea mashine nyingine. Mama alidhani vita vimekuharibu akili. Na mimi wakati ule nilikuwa nimerudi kutoka kwa mume na talaka yangu, nimejifungia chumbani, sisemi na mtu. Siku ya nne ukanigongea mlango, ukanipa spana, ukasema, "Njoo unishikie hapa, nimekosa mkono." Habari za ndoa yangu hukuniuliza siku ile wala siku nyingine yoyote. Miaka miwili sasa nakushikia, na wewe hujui kwamba spana ile ndiyo iliyonitoa chumbani.

Ulinifundisha kukata gasketi za kuzibia injini kwa boksi la viatu, kugonga pembeni taratibu kwa nyundo ndogo mpaka karatasi ijikate yenyewe. Viti nilivishona mimi nikavijaza makumbi ya nazi, ukalalamika mwezi mzima kwamba vinawasha. Na yale matope ya Mwera je? Ulitaka kunionyesha kwamba magurudumu yote manne yanavuta. Yalivuta kweli, ila yalivuta kwenda chini. Nilisukuma mpaka buibui likawa rangi ya udongo, na kiatu changu kimoja kiko kule mpaka leo. Wewe ulikuwa umekaa kwenye tope unacheka mpaka unakohoa. Nilifurahi siku ile, kaka, na sikupata kukuambia.

Sasa nisikilize.

Jumatano alasiri tulikuwa tunatoa hewa kwenye breki. Wewe uko chini ya gari, kwenye gurudumu la nyuma, na mimi nimekaa juu, mguu kwenye pedali. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Kazi yangu nyingine ilikuwa kuongeza mafuta kwenye kile kikopo cha breki kilicho chini ya sakafu ya gari. Mafuta yenyewe uliyachanganya kwa mkono wako kama ulivyofundishwa jeshini, mafuta ya mbarika na spiriti, kwa kuwa oili ya injini inakula mipira ya breki. Hilo umenifundisha mara mia. Ndipo akapita jirani yetu Makame, akasimama akiniangalia, akasema, "Ama Salehe, breki nazo za kumpa mwanamke?" Nawe ukamjibu kutoka huko huko chini, "Breki zangu simwachii mtu mwingine."

Kaka, niliona kichwa changu kinafika mawinguni. Makame akaenda zake, mimi nikageuka nimtazame anavyoondoka, kanga yangu ikavuta chupa ya mafuta ikaanguka mchangani. Yalimwagika yote, halikubaki hata tone. Nawe ukaita, "Ongeza."

Ningesema tu, ungetoka ukanuna kidogo, tungeyachanganya mengine kesho yake. Lakini ningeanzaje, maneno yako ya kunisifu yangali masikioni? Nikakwambia nakwenda kunywa maji. Nikaingia jikoni, nikachukua chupa ya mafuta ya nazi, nikaja nikajaza. Nikajisemea, mbarika ni mmea, mnazi nao ni mmea, haya si oili, mipira haitadhurika. Tena nilijiona mjanja. Tukaendelea, kanyaga, shikilia, achia, gurudumu moja baada ya jingine, na kila ulipoita nikaongeza ya nazi. Jioni ukaenda nalo mpaka sokoni, ukakanyaga breki, gari likasimama papo hapo. Watu wakapiga makofi, nawe ukaninyooshea kidole, kwamba fundi ni huyu. Usiku ule nililala usingizi mzuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Leo alfajiri kumenyesha na kuna baridi. Nilitaka kupaka nywele, nikainamisha chupa, hakikutoka kitu. Mafuta yameganda, meupe kama ya kondoo. Maisha yangu yote nayaona mafuta ya nazi yakiganda msimu wa kipupwe, na maisha yangu yote nayaanika juani bila kuwaza lolote. Leo nikawaza. Nikamkumbuka Yohana alivyotuhadithia hapa uani kwamba kwao Lushoto msimu huu watu hulala na mablanketi mawili, na asubuhi ukisema neno unaona moshi unatoka kinywani. Kama hapa Pangani yameganda chupani, huko juu yatakuwaje ndani ya mirija ya breki? Nikaiacha chupa, nikaenda kungoja mlangoni pa posta mpaka ikafunguliwa.

Kupanda pengine utapanda salama, maana injini itakuwa ya moto na breki huzihitaji sana. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Utafika Lushoto, utamfikisha Yohana kanisani kwao kama ulivyomwahidi, utasema, "Mnaona huyu Zaina na simu zake?" Mtalala huko. Usiku kucha gari litakuwa nje kwenye baridi. Na Jumatatu alfajiri mtashuka, wewe na Yohana na mama yake mzazi mnayemleta Mombo, kwa zile kona ulizonichorea mchangani kwa kijiti, upande huu jabali, upande huu hakuna kitu. Utakanyaga pedali. Siwezi kuandika yanayofuata.

Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni. Mama amesonga ugali akaniwekea, akaja akauondoa, akaniuliza kama nimegombana na mtu. Nimemwambia tumbo linaniuma. Uongo mwingine tena. Nikisikia gari barabarani natoka mbio, kisha najiuliza natoka kwa ajili gani, maana gari lako sauti yake naijua tangu likiwa pantoni. Makame amepita akauliza, "Fundi, kaka yako kesharudi?" Safari hii ameniita fundi bila mzaha, nami nikaingia ndani.

Sasa, kama barua hii imekukuta Mombo, usiende popote. Ukidhani ni hila yangu nyingine, fungua kile kikopo uchote mafuta kijiko kimoja, uyanuse. Pua yako inaijua nazi. Yamwage yote, osha mirija kwa spiriti, ufungue na magurudumu manne, maana yamekwisha kufika kote. Najua ni kazi ya siku mbili na huna wa kukukanyagia pedali. Mfundishe Yohana.

Ukishamaliza kusoma najua hutanipa tena kugusa breki zako, na nisiseme uongo, hilo nalo linanitoa machozi. Nimekuwa mtu kwa kazi hii. Lakini ukiniambia nisikanyage tena uani, sitakuuliza kwa nini.

Na kama imechelewa, imekukuta umeshafika huko juu, basi kaka, nakusihi kwa haki ya maziwa tuliyonyonya ziwa moja, usishuke na gari hilo. Hata jua likiwaka, hata ukilijaribu kwenye tambarare likasimama vizuri, usishuke nalo. Liache huko huko lilowe, na wakitaka wang'oe hata magurudumu, waache wang'oe. Mpandisheni mama wa watu kwenye basi, mkikosa basi shukeni kwa miguu. Njoo Pangani mikono mitupu, unikasirikie, usinisemeshe mwaka mzima. Ila uje.

Dereva anapiga honi.

Ni mimi mdogo wako uliyemwachia breki,
Zaina