Posta ya Nyuma ya Jiko

Likunja,
Wilaya ya Ruangwa.

Kwa Marehemu Zainabu, mama yake Somoe,
Makaburini, nyuma ya msikiti,
Likunja.

YAH: MAOMBI YA UAMUZI KUHUSU MAHALI ATAKAPOISHI MTOTO SOMOE

Mke wangu,

Kwa heshima anayostahili mtu aliyetutangulia mbele ya haki, ninakuandikia nikiwa na dhumuni moja tu, nalo ni kupata uamuzi wako iwapo binti yetu Somoe abaki nami hapa Likunja, au ahamie Nachingwea mjini kwa mdogo wako Mwajuma. Mwajuma anafika Jumamosi na lori la korosho, na amesema hatarudi mikono mitupu.

Huenda ukauliza kwa nini suala hili limeletwa kwako. Jumapili iliyopita nilimwita kaka yako Bakari, kwa kuwa kwetu sisi Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba ndilo linalofunga shauri. Nilimweleza kwa utaratibu, hoja baada ya hoja. Alisikiliza mpaka mwisho huku akizungusha kofia yake mkononi, kisha akasema, "Shemeji, mwenye neno hapa ni Zainabu. Mimi siwezi kumsemea." Akala ugali, akaaga. Mtu mwingine angeona kwamba amekwepa. Lakini mimi ofisi zimenifunza kwamba ukielekezwa kwa mhusika, unamwandikia mhusika. Ndiyo maana nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi.

Kabla ya maelezo yenyewe, nikujulishe yaliyobadilika. Jiko limeezekwa upya. Mkorosho wako wa karibu na choo, ule uliosema ni mvivu, umezaa. Ruangwa yetu imetolewa Nachingwea na kuwa wilaya kamili, kwa hiyo barua ninazowaandikia watu sasa nazipeleka ofisi za Ruangwa, na baiskeli haichakai kama zamani. Kuku wako mweusi amekufa. Nguo zako zimegawiwa kama ilivyo desturi, isipokuwa kanga moja ambayo Somoe aliikalia na akakataa kuinuka.

Sasa naingia katika maelezo.

Ninakiri, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, kwamba nilikuonea wivu ulipokuwa hai, na kwamba ninakuonea wivu hata sasa. Si wivu wa mume anayemshuku mkewe. Kwa huo hukunipa sababu hata siku moja. Nilikuonea wivu kwa Somoe.

Utakumbuka chati ya herufi niliyoinunua Nachingwea. Niliitundika sebuleni, nikachonga fimbo ya kuonyeshea, na kila jioni nikamkalisha mtoto mbele yake. Mimi niliyejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima na kwenye karatasi zilizofungiwa vitumbua, sikutaka mwanangu achelewe kama nilivyochelewa mimi. Nilisema a, naye akatazama mlango. Nilisema e, naye akauliza kama mama amemaliza kupika. Nilipomruhusu alikimbilia nyuma ya jiko, na mara nikasikia mnacheka.

Huko nyuma mlikuwa na posta yenu. Naikumbuka yote, ingawa hamkuwahi kunikaribisha. Kaunta ilikuwa ya udongo, na sanduku la barua lilikuwa kopo la maziwa lililotobolewa. Muhuri ulikuwa kipande cha muhogo mlichokichovya kwenye masizi ya sufuria. Wateja walikuwa magunzi ya mahindi yaliyofungwa vitambaa, yamepangwa foleni kwa urefu. Barua zilikuwa majani ya mkorosho yaliyochorwa kwa mwiba, na mikwaruzo yake ikishakauka inageuka kahawia kama wino wa kweli. Jani la mkorosho lilikuwa barua ya ofisi, jani la mbaazi lilikuwa salamu tu. Za kijiji cha Chunyu mliziweka upande mmoja, za kijiji cha Narung'ombe upande wa pili, na Somoe alizihesabu bila kukosea, mtoto yule yule ambaye mbele ya fimbo yangu hakufika hata tano.

Ulimwambia hata kuku, "Nyie mnaombwa kuondoka hapa haraka iwezekanavyo." Mtoto akaanguka kwa kucheka. Nikatokeza mimi, na kicheko kikakatika. Hukunifukuza, najua. Ulisema, "Karibu, Baba Somoe," ukapangusa mikono, ukasimama. Lakini ulisimama kama mtu anavyosimama afisa akiingia. Naye Somoe akasimama vilevile. Mimi nikauliza kama maji ya kuoga yako tayari. Sikuwa na haja ya kuoga.

Ninaendelea.

Ulipougua ile homa ya siku nne, na siku ya tano tukakuzika, Somoe hakulia mbele ya watu. Alikwenda nyuma ya jiko, akakaa ndani ya kaunta yake. Wanawake walimpelekea chakula hukohuko. Ilipokaribia arobaini, niliwatangazia watu kuwa nitafanya usafi wa ua ili wageni wapate pa kukaa. Nikachukua jembe nikavunja kaunta. Magunzi, majani, kopo, muhuri, vyote nikavikusanya shimoni nikavitia moto.

Nimeandika hapo juu neno usafi. Naomba lifutwe. Wageni hawajawahi kukaa nyuma ya jiko, na wewe unalijua hilo. Nilichoma kwa sababu mtoto alikuwa kule na wewe, na mimi nilikuwa sebuleni na chati. Nilidhani mahali pale pakiondoka, atakuja upande wangu.

Hakuja. Aliutazama moshi mpaka ukaisha. Tangu siku ile akawa mtoto mtiifu sana, Zainabu. Anaitika. Anaketi anapoambiwa aketi. Alijifunza a, e, i, o, u kwa siku mbili, akazisema zote kwa sauti moja, kama mtu anayetaja majina ya watu asiowajua. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sikuweza kukitazama.

Mwajuma alipokuja kutujulia hali alikaa siku mbili tu akaona. Aliniambia mbele ya majirani, "Shemeji, huyu mtoto hachezi. Mtoto asiyecheza anaumwa." Nilimjibu kwamba mtoto anasoma. Akasema, "Anasoma nini, shemeji? Ukuta?" Wakacheka. Akamchukua kwa muda.

Baada ya wiki tatu nilikwenda Nachingwea kumwona. Kabla ya kubisha nilisikia sauti yako upande wa pili wa ua wa mabua. Ninaandika ukweli: niliurudisha mkono bila kubisha. Ilikuwa sauti yako kabisa, na ule uchovu wako wa mzaha: "Subirini, karani anakunywa uji." Nikachungulia. Alikuwa Somoe. Amejifunga kanga yako kifuani, nyuma ya kaunta mpya ya matofali mabichi, na watoto wa Mwajuma wamepanga foleni na majani yao. Mmoja akauliza nani awe baba. Somoe akasema, bila hata kuinua macho, "Baba hayupo. Baba kaenda wilayani."

Wakaendelea kucheza. Kulikuwa na karani, tarishi, bibi anayedai mpaka wa shamba, mgonjwa, hata mbuzi. Na mimi sikuigizwa na mtu. Nilisimama pale nje na kilo ya sukari niliyomletea mwenyeji, nikawaonea wivu watoto wa watu kwa sababu walikuwa kwenye foleni.

Nilimrudisha nyumbani siku ileile. Mwajuma alikasirika, na alikuwa na haki.

Nikaazimia kumjengea posta iliyo bora kuliko yako. Hilo nalo ni la wivu, liandikwe. Nilitengeneza meza ya mbao. Niliweka kidau changu halisi cha wino, karatasi ya kaboni na bahasha za kaki. Nikabandika ukutani masharti ya kutumia posta, kwa herufi kubwa, nikamsomea yote. Somoe aliketi nyuma ya meza ile, amekunja mikono kama yuko mbele ya mwalimu. Alipoona sisemi tena, akauliza, "Nimemaliza, baba?"

Nikaondoa meza. Nikakaa wiki nzima sijui la kufanya, mimi ambaye vijiji vitatu vinanifuata niwaambie la kufanya.

Kisha siku moja alasiri, wakati wa kuokota korosho, nilikuta nyuma ya jiko kopo moja limesimamishwa juu ya jiwe. Kando yake magunzi mawili, hayana hata vitambaa. Somoe amechutama nyuma ya jiwe, hafanyi kitu, amekaa tu kama ofisi iliyokosa watu. Sijui ni nini kilinipeleka. Nilichuma jani kwenye mkorosho wako mvivu, nikatafuta mwiba, nikaandika. Nikamfikishia.

Hakulipokea. Alinitazama kuanzia juu mpaka miguuni, akasema, "Mzee, panga foleni."

Nikasimama nyuma ya magunzi mawili. Alilihudumia la kwanza. Akalihudumia la pili, taratibu sana, na katikati akanywa uji ambao haukuwepo. Jua lilinichoma kisogo, sikuthubutu kuguna. Ilipofika zamu yangu akalichukua jani, akalishika juu chini, akalisoma moyoni. Kisha akasema, "Rudi kesho. Muhuri umefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo kaenda kwenye mazishi."

Zainabu. Hayo ni maneno yangu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikirudi nayo kutoka Nachingwea, nimejaa vumbi, nikikusimulia wewe ukiniwekea maji, miaka yote ile. Karani anakunywa uji. Panga foleni, mzee. Muhuri umefungiwa. Nilidhani hunisikilizi, kwa kuwa ulikuwa ukipepeta mchele. Kumbe ulikuwa unayaokota, na kesho yake, mimi nikiwa nimeondoka, unamjengea mtoto ofisi niliyokwenda, ili ajue baba yake yuko wapi. Hata kuku uliwafukuza kwa lugha ya barua zangu. Nilichoma safari zangu mwenyewe nikidhani nakuchoma wewe.

Lakini kwa nini hukuniambia? Naomba unisamehe kwa kuuliza hivyo. Sipaswi kumhoji marehemu. Ila ungeniita siku moja tu, nikasimama foleni ukiwa hai.

Nilirudi kesho yake, kama nilivyoelekezwa. Nimerudi kila siku. Posta sasa ina kaunta, tumeifinyanga pamoja, na muhuri wa muhogo tunaubadilisha ukinyauka. Somoe anaandika s na o kwenye majani, herufi za jina lake, kwa sababu karani lazima atie sahihi. Sikumfundisha kwa fimbo. Nilimwambia tu kwamba barua isiyo na sahihi hurudishwa.

Hata hivyo, wivu haujaniondoka, na sitaki upate taarifa pungufu. Pana sanduku lako, kopo la peke yake, na kila siku analitilia jani. Langu halipo. Akicheka, najiuliza kicheko hiki ni changu au ni masalio yako. Na Mwajuma ana sauti yako na watoto wa rika lake, na mwakani Somoe anaanza darasa la kwanza, na shule ya mjini ina madawati. Hoja zake ni nzuri. Ningekuwa nimeajiriwa kumwandikia yeye barua hii, ningeishinda hoja yangu kwa ukurasa mmoja.

Hoja yangu ni moja tu. Ninasimama foleni.

Jana nilimwuliza karani kama posta yake inapokea barua za mama. Akafikiri. Akasema, "Tunapokea. Ila majibu yanachelewa." Kwa hiyo barua hii nitaikunja na kuitia katika kopo lako leo alasiri. Kila barua Somoe huisoma kwanza kwa namna yake, ingawa kusoma bado hajui, kabla ya kugonga muhuri, na atakachosema kimeandikwa katika hii nitakipokea kuwa ndicho ulichosema, kisha nitampelekea Bakari neno hilo kabla ya Jumamosi. Sitamwelekeza.

Ninaahidi sitachoma tena kitu cha mtoto, hata kikionekana takataka. Na ninaahidi, ukiamua aende, nitapanda baiskeli mpaka Nachingwea na kusimama nyuma ya watoto wa Mwajuma na jani langu mkononi, wacheke wanavyotaka.

Pumzika, mama Somoe. Ua wako ni msafi, na nyuma ya jiko ni pachafu kama ulivyopaacha.

Naomba uamuzi: abaki, au aende? Nikiambiwa nirudi kesho, nitarudi kesho.

Mumeo,
Hamisi, Baba Somoe.